Radi Iliyopiga Jua Likiwaka

Igamba, saa nane mchana

Tusekile mwanangu,

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki. Hayo najua shangazi yako anakuimbia sasa hivi huko Mbozi Mission ulikokwenda kumuaga, na ukirudi utakuwa umeshayakariri. Mimi nina jambo moja tu, na muda wa kuliandika ni huu mchana. Jioni tunapanda gari kwenda Tunduma ili ulale karibu na basi lako la alfajiri, na kabla hatujapanda lazima uwe umeisoma barua hii. Nimekaa barazani, daftari liko juu ya goti, na biro yenyewe inatoa wino inapojisikia. Ukikuta maandishi yamekwaruzwa, lawama ni za biro. Ukikuta nimefuta na kuandika upya, hapo lawama ni zangu.

Wingu limesimama upande wa Rukwa. Saa sita lilikuwa dogo nikalidharau. Sasa kichwa chake kimepanda juu kabisa kimeanza kutandaa, na tumbo lake ni jeusi. Simu yako iko hapa mezani, uliiacha ijae chaji kwa ajili ya safari. Nimeichomoa kwenye umeme. Ya shangazi yako haipatikani, kwa hiyo siwezi kuwapigia nikwambie usitoke kwa shangazi mpaka lipite. Ninachoweza ni kuandika huku natazama barabara, na nakwambia ukweli, naogopa.

Kahawa ya mwisho ya msimu iko kwenye vichanja vya waya. Nimeifunika nailoni mapema, wingu likiwa bado mbali, nikarudi zangu. Majirani ndiyo kwanza wanakimbizana kufunika za kwao, nasikia wanavyoitana. Unatujua watu wa huku. Nguo zitalowa kambani na hakuna atakayeinuka, lakini tone moja likidondoka kwenye kahawa, hata mwenye mguu mbovu anakimbia.

Unakwenda kusomea hali ya hewa. Siku uliponionyesha jina la kozi nilifurahi mbele ya watu, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama peke yangu. Niliogopa kwa sababu najua itafika siku mwalimu wako atachora wingu ubaoni, ataweka alama za kujumlisha juu na za kutoa katikati, halafu atachora mstari wa radi unaotoka kileleni na kushuka mbali kabisa, mahali penye jua. Utamkumbuka mama yako. Na utajua kwamba baba yako amekudanganya tangu ukiwa na miaka sita. Nimeona ulisikie kwangu kwanza.

Umekua ukijua mambo matatu kuhusu siku ile. Kwamba radi iliyomuua mama yako ilipiga jua likiwaka. Kwamba ilitumwa na baba yako mkubwa Ezekia, kaka yangu. Na kwamba mimi nilikuwa mtoni kwenye mashine ya kumenya kahawa. La kwanza ni kweli. Hayo mengine mawili niliyaleta mimi.

Sikuwa mtoni, Tuse. Nilikuwa hapa hapa barazani, kwenye kiti hiki.

Ilikuwa mvua ya kwanza ya mwaka, kama ya leo. Ilinyesha kwa nguvu, ikakatika ghafla, jua likatoka. Kahawa ilikuwa chini ya nailoni. Unajua ilivyo, jua likiipiga nailoni kahawa inatoka jasho, na ikikaa hivyo inanuka uvundo, wanunuzi wanainusa mara moja na kukurudishia. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Wewe ulikuwa umelala ndani, una homa, na mama yako alikuwa anakukanda kwa kitambaa cha maji.

Nikamwita. "Mama Tuse, mvua imekatika, toka ukafunue kahawa."

Akaja mlangoni, akasikiliza. "Baba Tuse, bado linanguruma. Halafu mtoto anaungua."

"Linanguruma kwenu Ileje huko," nikamwambia. "Linawasalimia ndugu zako wa Ibaba. Hapa jua hilo, unaliona?"

Nilizoea kumtania kwa kwao milimani. Alicheka kidogo, si sana, akajifunga kitenge akaenda. Ningeweza kwenda mimi. Hakuna kilichonizuia ila chai, na ile tabia yetu ya kusema kwamba kufunua kahawa ni kazi ya wanawake.

Sasa sikiliza hili, sijamsimulia mtu yeyote mpaka mwisho, hata mchungaji. Alipofika kwenye kichanja cha kwanza alisita. Akaniita kwa sauti, "Baba Tuse, hizi waya zinalia!"

Nikajibu nikiwa nimekaa. "Nyuki hao. Funua tu."

Akashika ncha ya nailoni. Sikuona radi, niliona weupe. Nilipopata macho yangu tena alikuwa chini na kitenge chake kinafuka moshi. Kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu, na chai ilikuwa nusu. Sijui kwa nini nakumbuka hiyo nusu.

Imeanza kunguruma huku. Nimehamia ndani, nimekaa mbali na dirisha. Sikuoni barabarani.

Nitakueleza jinsi mtu mzima anavyoweza kumuuza kaka yake bila kufungua mdomo. Watu walijaa hapa uwanjani. Walitazama juu, wakaona mbingu nyeupe, kuna utando mwembamba tu na jua linapenya. Wakaanza kuulizana, "Radi gani hii inapiga jua likiwaka? Wingu liko wapi?" Mwingine akasema, "Hii imetumwa." Nikasikia lile neno, nikahisi nafuu. Sina namna nzuri ya kulisema hilo. Mke wangu amelala chini ya shuka, na mimi nikahisi nafuu, kwa sababu kama imetumwa, basi sikumpeleka mimi.

Wakaniuliza ulikuwa wapi. Nikasema mtoni. Wakauliza kama kuna mtu nimegombana naye. Ukweli ni kwamba juzi yake niligombana na Ezekia. Maji yake ya kuoshea kahawa yalikuwa yanapita mferejini na kuingia kwenye mibuni yangu michanga, nikaziba mfereji, yakamrudia. Alikasirika, akaniambia mbele ya watu, "Ziba tu, utaona mwenyewe." Alikuwa na maana kwamba mvua ikija maji yatabomoa ukingo. Hata mimi nilijua hivyo alipokuwa anasema.

Siku ile ya msiba sikutaja jina. Niligeuka tu nikamtazama. Alikuwa amesimama pembeni ameshika koleo, ametoka kusaidia kuchimba kaburi. Watu wote wakafuata macho yangu.

Wiki haikuisha. Vijana walikata mibuni yake yote kwa mapanga, mingine ilipandwa na babu yako. Yule mzee wetu wa ukoo, ambaye sasa ni marehemu, alimwambia aondoke kabla hawajafika kwenye nyumba. Akaondoka na mkewe na magodoro mawili. Lile pori hapo jirani ulipokuwa unaokota kuni ndilo lililokuwa shamba la baba yako mkubwa. Uliwahi kuniuliza kwa nini mule kuna visiki vingi vya mibuni, nikakuambia ni ugonjwa.

Mwanga umeingia mpaka chini ya mlango. Nimehesabu mpaka kumi ndipo likalia. Shangazi yako ana akili, hatakuruhusu utoke. Lakini najua ulivyo na haraka.

Kuna siku nyingine, na hii unaikumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, tumekwenda Tunduma kukununulia viatu vya kidato cha kwanza. Pale karibu na mpaka, katikati ya malori, tulimkuta Ezekia na mkokoteni wake, anamsalimia mteja wa Zambia, "Mulishani," na kumcheka. Akatuona. Aliacha mkokoteni palepale watu wakimpigia kelele, akanunua pakiti ya biskuti, akaja akakunyooshea. Alisema, "Tusekile, umekuwa mkubwa. Umefanana na mama yako."

Ukarudi nyuma yangu. Ukasema kwa sauti watu wakageuka, "Sitaki. Huyu ndiye aliyemuua mama."

Yeye hakukutazama wewe. Alinitazama mimi. Alinipa muda mrefu, Tuse. Alikuwa anangoja niseme neno moja tu, hata nusu ya neno. Nikakushika mkono nikasema, "Twende, gari litatuacha." Nilipogeuka baadaye alikuwa bado amesimama na zile biskuti. Hukukosea wewe. Ulisema ulichofundishwa nyumbani kwako.

Nikihesabu sasa ni saba. Mvua ya mawe imeanza kupiga bati, sisikii hata biro. Nne. Hilo limeanguka karibu, upande wa shule.

Basi nikwambie nilivyojua. Ulikuwa bweni wakati yule mtaalamu wa chuo alipokuja kuweka kisanduku chake kwenye uwanja wa shule ya msingi. Jina lake Halima, mtoto wa pwani, mdogo kiasi kwamba nilidhani ni mwanafunzi. Alinipa kazi ya kukilinda na kukifuta utando wa buibui. Chini ya kisanduku kulikuwa na bamba la chuma linalozunguka, linafunika bamba jingine na kulifunua, linafunika na kulifunua, mchana kutwa. Nikamtania kwamba hata mashine yake inaanika kahawa. Akacheka, akasema inapima uga wa umeme, yaani ule mvutano uliopo kati ya wingu na ardhi tuliyosimama.

Alinieleza taratibu, na mimi nakupa kama nilivyopokea, utanisahihisha ukirudi. Ndani ya wingu la radi kuna barafu, hata nchi iwe ya joto namna gani. Kuna chembe nyepesi zinazopeperushwa juu na upepo wa ndani, na kuna mawe laini mazito yanayoshuka. Vinapogongana vinagawana umeme. Zile nyepesi zinaondoka na chaji chanya, zinapanda nayo mpaka kileleni. Mazito yanabaki na chaji hasi, katikati ya wingu. Chini kabisa panakuwa na fungu dogo la chanya tena. Wingu linakuwa na ghorofa tatu, na kila ghorofa linavutana na jenzake na kutuvuta sisi huku chini. Mvutano ukizidi, vitu vya chuma vyenye ncha vinaanza kuvuja umeme hewani. Vinatoa sauti.

Nikamuuliza, "Sauti gani?"

"Kama mlio wa nyuki," akasema. "Ukiusikia, mzee wangu, una sekunde chache."

Nilisingizia choo nikaondoka.

Kuna siku mvua ilipiga tukajificha darasani, mezani kuna kioo kidogo kinachoonyesha namba za kile kisanduku. Siku za anga tulivu namba ile inakaa ndogo, upande wa kujumlisha. Siku hiyo ilivuka sifuri ikazama kwenye kutoa, ikazama sana, maana tulikuwa chini ya tumbo la wingu lenye chaji hasi. Kisha mvua ikakatika, jua likatoka. Nikainuka na kitambaa changu. Halima akanishika shati.

"Unakwenda wapi, mzee wangu?"

"Si imekwisha? Jua hilo."

"Tazama namba kwanza."

Namba ilikuwa imepanda, imevuka sifuri, na inaendelea kupanda upande wa pili. Ilikuwa kubwa kuliko nilivyowahi kuiona upande ule, na nje ndege wanalia na jua linawaka. Akasema, "Tumbo limetupita. Sasa tuko chini ya kichwa, kule juu kwenye chaji chanya, ule utando mweupe unaouona. Radi ya huko haina haja ya wingu jeusi juu yako. Inasafiri kilomita nyingi na kushuka watu wakiwa wameshatoka nje. Hii ndiyo inaua wakulima." Halafu akasema, "Watu wakiona hivyo husema imetumwa."

Nilikaa chini sakafuni, kati ya madawati ya watoto, nikalia mpaka yule binti akaogopa. Alidhani nimeugua. Nikamwambia mke wangu aliniambia waya zinalia. Ni yeye wa kwanza kumwambia, mtu baki, na sikumalizia.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Utaniuliza miaka mitatu yote nilikuwa nafanya nini, na jibu ni kwamba nilikuwa naogopa uso wako. Nilikuwa najiambia nitasema Pasaka, nitasema ukimaliza mtihani, nitasema majibu yakitoka. Mtu akizoea uongo wake anaufuga.

Imekatika. Saa ya ukutani inasema tisa na dakika ishirini. Jua limetoka, ndege wanalia, nailoni inameremeta huko nje na najua chini yake kahawa imeanza kutoka jasho. Ngurumo ya mwisho imelia sasa hivi, mbali, upande wa Ileje. Halima aliniambia nihesabu nusu saa tangu ngurumo ya mwisho, na ikilia tena nianze upya. Majirani wameshatoka. Nimewapigia kelele kutoka mlangoni, wamenipungia mkono wakicheka. Wanasema mzee Lameki amekuwa mwoga tangu afiwe.

Na ninamwona mtu barabarani. Ni wewe. Umebeba viatu mkononi kwa sababu ya matope. Umeacha njia ya nyumbani, unakatisha kwenye mibuni, unakwenda moja kwa moja vicha

Narudi kuandika.

Nimetoka peku peku. Nimekuita kwa jina lako lote kama mwehu, umegeuka ukacheka ukadhani ni utani wa kuagana, ukainama ushike nailoni. Nimekuvuta mkono kwa nguvu mpaka umeumia, nimeona machozi. Ukaniambia, "Baba, vipi wewe? Si jua linawaka? Kahawa inatoka jasho!"

Ni maneno yangu, mwanangu. Ni yale yale, kwa sauti ya mama yako.

Tulipofika barazani likanguruma tena. Haikupiga vichanja. Labda isingepiga kabisa, na ungeifunua kahawa salama, na ungekuwa sasa hivi unanicheka. Siwezi kujua. Umeingia chumbani umenuna, nasikia unavyotupa nguo kwenye begi. Nuna tu. Nimekuwa nikikutazama unavyotembea kwa miguu yako miwili kwenda chumbani, na hilo limenitosha.

Sasa nimalizie, maana gari halitatungoja.

Nilikuambia leo tutalala gesti Tunduma. Hatulali gesti. Wiki iliyopita niliitafuta namba ya baba yako mkubwa nikampigia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakapotea. Nilisema tu, "Kaka, mimi Lameki. Nilikuwa barazani siku ile. Nilimtuma mimi." Akauliza, "Na Tusekile anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Mwambie kwanza yeye. Halafu mje wote, mlale hapa."

Hakusema amenisamehe. Sijui kama atanisamehe, wala sijui wewe utafanya nini ukimaliza ukurasa huu. Ukikataa kukanyaga kwake nitakuelewa, tutalala gesti na asubuhi nitakupandisha basi. Ukikataa nikusindikize kabisa, shangazi yako atakuja. Ila Ezekia nitakwenda kumwona hata nikiwa peke yangu, nitamwambia mbele ya mkewe na majirani zake, kisha nitarudi Igamba niyaseme hapa uwanjani nilipomtazama. Najua wapo watakaosema Ezekia amenirubuni akili kwa dawa. Nitawaambia habari za zile waya.

Ninakuomba kitu kimoja. Darasani watakapokuchorea hilo wingu, usione aibu kwa ajili yangu ukakaa kimya. Mambo hayo uje uyaseme huku, kwa watu wanaokimbilia kufunua kahawa, kwa lugha wanayoielewa. Mimi nilipewa neno na mke wangu mwenyewe, kwa lugha ninayoielewa, nikamwambia ni nyuki.

Nimesikia umetoka chumbani. Umesimama mlangoni, begi liko miguuni, umevimbisha mashavu kama ulivyokuwa ukifanya ukiwa mdogo. Umeniuliza mara ya tatu kama sasa unaweza kwenda kuifunua, maana itaoza yote. Nimetazama saa ya ukutani. Zimebaki dakika kumi na moja.

Nimekwambia bado. Mama yako nilipaswa kumwambia hivyo hivyo.

Ni mimi baba yako,
Lameki